Fundi wa Tambi na Tangi la Zamani

Kwa miaka kumi na minne tulitenganishwa na bati moja. Upande huu nilikuwa mimi na cherehani yangu, upande ule yeye na stovu zake za mafuta taa, katika soko la Kitale. Kila mtu alimwita Fundi, kana kwamba soko zima halikuwa na fundi mwingine. Mimi aliniita Jilani. Herufi ya R ilimponyoka mara nyingine, huyu mtu wa kwao Bungoma, na sikuwa na haki ya kumcheka, maana wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia kutoka mkoa wa kati na ulimi wangu nao una vituko vyake.

Kazi yake ilikuwa tambi, zile nyuzi za pamba zinazonyonya mafuta ya stovu. Stovu ikianza kutoa moshi mweusi na kupaka sufuria masizi, ulimpelekea. Aliifungua yote, akaosha pale panapowekwa mafuta, akachomoa tambi kuukuu na kuingiza mpya moja baada ya nyingine, huku akizivuta kwa waya uliopinda. Alizikaza sana. Alisema utambi uliolegea ni askari aliyelala kazini, moto unashuka chini na hakuna wa kuuzuia. Nimemwona akirudia stovu nzima kwa sababu ya utambi mmoja uliotikisika alipouvuta kwa vidole, na mwenye stovu amesimama pale akimwomba ampe tu ilivyo akapike.

Usidhani basi kwamba alikuwa mtu wa kuaminika. Mikono yake iliaminika. Mdomo wake ulikuwa na neno moja tu kwa wateja wote, nalo ni kesho. Ukimwuliza stovu itakuwa tayari lini, hata haangalii ilipo. "Kesho asubuhi, Mama. Kesho asubuhi kabisa." Kesho yake anakwambia kesho. Kuna mama mmoja mkulima wa Endebess aliyekuja mara tatu kwa stovu ileile, na mara ya nne akaja na kigoda chake kutoka nyumbani, akakiweka mbele ya meza ya Fundi, akatoa uzi na sindano zake na kuanza kufuma sweta. Fundi alifanya kazi siku hiyo kama mtu anayekimbizwa, na kufikia saa tisa stovu ilikuwa inawaka bluu. Yule mama alipoondoka, Fundi aliniambia kwa heshima kubwa, "Huyo ndiye mteja." Mteja aliyefuata aliambiwa kesho.

Nilimuuliza siku moja kwa nini anadanganya watu wazima. Akaniambia hadanganyi, anawapa matumaini. Nikamwambia matumaini hayachemshi chai. Akacheka mpaka akakohoa, na kile kikohozi chake ndicho nataka kukieleza.

Fundi alivuta sigara tangu kabla sijamjua. Alivuta akifanya kazi, mafuta taa yakiwa mbele yake, na tulipopiga kelele alitujibu, "Haya si petroli, bana." Alinunua sigara moja moja kutoka kwa mama wa kibanda cha kona. Kamwe hakununua paketi. Aliniambia mwenye paketi ndiye mvutaji, yeye ni mtu anayevuta tu mara mojamoja. Hizo mara mojamoja nilizihesabu siku moja nikishona mapazia, na nilipofika kumi na saba nikaacha.

Kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Matangazo yakianza anatoka, yakiisha anarudi. Pasta wetu akahubiri siku moja kuhusu watu wanaofukiza hekalu la Mungu kwa moshi, akazungukazunguka bila kumtaja mtu, mpaka Fundi akasimama kule nyuma. "Pasta," akasema, "taja jina langu tu, tusipoteze wakati. Watu wana njaa." Kanisa lilicheka, na pasta akacheka pia. Mke wa Fundi peke yake hakucheka. Nilikuwa nimekaa naye benchi moja, nikamwona akiangalia mikono yake.

Mkewe nilimpenda. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye maneno machache na macho makali. Fundi alimwita Mama, nami nilimwita hivyohivyo. Kifua chake kilikuwa kimeharibika pole pole, kwa moshi wa kuni wa ujana wake, kisha kwa stovu za mumewe, kisha kwa sigara za mumewe. Alitembea na inhela ya kufungua kifua ndani ya leso. Siku aliyosema hapiki tena kwa mafuta taa, Fundi alimnunulia mtungi wa gesi bila ubishi, lakini aliubeba hadi kwao mtaa wa Matisi ukiwa ndani ya gunia, akipitia njia za nyuma, ili wateja wasione fundi wa stovu akipeleka gesi nyumbani kwake. Mimi nilimwona. Akaniambia ni malenge.

Kwa hiyo alikuwa hivyo: mtu aliyeweza kufanya jambo jema na kulificha kana kwamba ni la aibu. Sigara, ambayo ndiyo iliyokuwa ya aibu, aliivuta hadharani.

Kisha mvua za mwaka ule zikaja na baridi yake, na Mama akashikwa na kifua usiku mmoja mpaka majirani wakambeba kwenda hospitali. Alilazwa siku nne. Daktari alimwita Fundi kando, akamwambia bila kuzunguka kwamba mke wake hawezi tena kuishi nyumba moja na moshi. Alimaanisha wowote ule, hata ule unaobaki kwenye koti. Mama alitoka hospitali akaenda moja kwa moja kwa dada yake, Matulo, kule karibu na Webuye. Hakugombana na mtu. Aliniambia tu, nilipomsaidia kufunga mizigo, "Nitarudi nyumba ikipumua. Mwambie hivyo, kwa sababu nikimwambia mimi ataniambia kesho."

Nilimwambia. Alikuwa ameshika waya wake wa kuvutia tambi. Aliuweka chini, kisha akasema, "Basi nitaacha." Nikangoja aseme lini. Hakusema, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi.

Sasa sikiliza jinsi mtu mzima anavyoacha sigara. Alianza na peremende, akala nyingi hadi jino likamuuma. Akahamia kwa karanga, kisha kwa miwa. Meza yake ikajaa maganda na wateja wakadhani amebadilisha biashara. Akaletewa mizizi kutoka Mlima Elgon, michungu, akaitafuna huku machozi yakimtoka, na baada ya kuitafuna akaenda kona akavuta sigara ili kuondoa ule uchungu mdomoni. Akatupa kibiriti chooni mbele yangu kama shahidi. Baada ya saa moja alikuja kuniomba cha kwangu, ati kuna uzi anataka kuuchoma ncha. Soko lilikwisha kumhukumu. Sikio la kufa halisikii dawa, walisema, na mimi nilisema nao.

Lakini kila Jumapili alikwenda Matulo. Alifua shati mara mbili, akaoga, akatafuna majani ya mnanaa. Shemeji yake alimwekea kiti nje, upande ambao upepo unatoka nyumbani kuelekea kwake. Mama alikaa mlangoni. Walizungumza hivyo, kwa sauti ya juu kidogo, kama watu walio kwenye kingo mbili za mto. Fundi aliniambia kwamba hakuna kilichomuuma kuliko kuona Mama akisogeza kiti nyuma. "Hasemi kitu, Jilani. Anasogea tu. Akisogea najua nimenuka."

Mwanawe anayefanya kazi Nairobi ndiye aliyemletea sigara ya umeme ya kwanza. Ilikuwa kitu cha kupendeza, laini, yenye kioo kidogo cha kuonyesha namba, na ilinukia matunda ambayo hatuyajui. Haijazwi wala haifunguliwi. Ikiisha unaitupa na kununua nyingine. Fundi aliitumia siku tano na kweli hakwenda kona. Siku ya sita taa yake ikapepesa, ikazima. Alikuja nayo kazini, akailaza mezani, akaizunguka akitafuta skrubu. Hakukuwa na skrubu. Akachukua kisu akaipasua.

"Jilani! Njoo uone dhambi."

Nikaenda. Ndani kulikuwa na kipande cha sponji, waya mwembamba na betri.

"Betri nzima," akasema. "Waya mzima. Ni mafuta tu yameisha. Hii haikuharibika. Huyo aliyeitengeneza alitaka ife, akaigundisha na gundi ili nisiifufue." Alikuwa amekasirika kweli, kama vile ametukaniwa mtu wa kwao. "Kitu huwezi kufungua si chako. Umekodishiwa tu."

Mchana huo alirudi kona. Nilimwona akirudi na moshi puani, na sikumwambia kitu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kumwambia.

Jumapili iliyofuata, akitoka Matulo, hakurudi Kitale moja kwa moja. Alikwenda Bungoma mjini, ambako alikuwa na mtu wa kumuuzia tambi kwa jumla, na njiani akapita kiduka kimoja cha simu. Kilikuwa na kabati la vioo lenye hizo sigara za umeme za rangi zote. Habari hii alinisimulia mara nyingi, na muuzaji mwenyewe nimemjua baadaye, dada mmoja wa miaka thelathini hivi, mcheshi. Wote wawili husimulia vilevile, kwa hiyo naamini.

Katika rafu ya chini kabisa, nyuma ya makava ya simu, kulikuwa na kitu kilichoshika vumbi: kibomba cha betri, na juu yake tangi la kioo lenye kifuniko cha kufunguliwa kwa mkono.

"Hiyo ni nini?" Fundi akauliza.

"Ah, hiyo wachana nayo, mzee. Ni ya kitambo. Watu wako kwa hizi za juu. Hizi unavuta tu, hakuna stress."

"Inafunguka?"

"Inafunguka yote. Lakini ni kazi mob, bana. Unajaza juisi wewe mwenyewe, unafunga waya wewe mwenyewe, unaweka pamba wewe mwenyewe. Nani ako na hiyo time?"

"Pamba ya nini?"

"Ya kunyonya juisi. Ndiyo inapeleka kwa waya, waya ikipata moto inatoa mvuke."

Dada yule husema kwamba hapo mzee aliweka mikono yote miwili juu ya kioo cha kabati. "Huo ni utambi," akasema. "Wewe unaniuzia utambi na tangi, halafu unaniambia ni kazi mingi?"

Akamwambia aipanguse vumbi. Bei ilikuwa ya chini kuliko ile ya kutupa, maana dada alikuwa amekata tamaa ya kuiuza. Akamtania mzee kwamba amenunua kitu cha zamani. "Mimi pia ni wa zamani," Fundi akamjibu, "na bado naamka." Jumatatu asubuhi kilikuwa mezani kwake, kimefunguliwa vipande vyote juu ya gazeti, na yeye anakitazama kwa macho niliyokuwa sijayaona tangu Mama aondoke. Niliona furaha, nikaogopa, kwa sababu furaha yake ilikuwa imetudanganya wengi.

Aliniomba sindano nene ya cherehani. Akaizungushia ule waya mizunguko sita, akauchomoa, ukabaki umejikunja vizuri kama springi ya kalamu. Akachukua nyuzi za utambi mpya wa stovu, akazichemsha kwenye sufuria ili zitoke uchafu, akazianika, kisha akazipitisha ndani ya waya. Akajaza ile juisi ya nikotini aliyouziwa pamoja na kifaa, akafunga, akangoja. Akavuta.

Alichofanya baada ya hapo sitasahau. Aliruka. Akashika koo, akatema, akasema maneno ya Kibukusu ambayo mama muuza nyanya alipoyasikia alijifunika uso. Pamba ilikuwa imeungua. Akafungua, akarekebisha, akaikaza zaidi, akavuta tena. Ikaungua tena. Siku tatu alichoma koo lake namna hiyo. Alinunua pamba kwenye duka la dawa, akaikaza. Alibadilisha waya, akakaza. Soko likaanza kuja kutazama. Muuza viatu alisema hiyo ni adhabu ya Mungu imekuja na betri. Mwingine akamwambia anunue zile mpya kama watu wengine, aache ukaidi wa kizee.

"Hizo mpya nikinunua, nani atanifungulia zikifa?" alijibu, sauti imekauka kama ya jogoo mgonjwa.

Siku ya nne jioni aliinuka, akaenda kona. Alirudi na sigara moja, nzima, haijawashwa, ameiweka juu ya sikio. Akakaa. Nilizima cherehani. Nilijua Jumapili iko karibu na kwamba akiiwasha hiyo atakwenda Matulo na harufu yake, na kiti cha Mama kitasogea. Nadhani na yeye alikuwa anaona hicho kiti. Alichukua lile tangi, akaliinua kwenye mwanga wa mlango, akalitikisa pole pole.

"Jilani, hii juisi ni nzito."

"Nzito vipi?"

"Nzito kama glisarini ile mnapaka watoto. Angalia. Mafuta taa ni maji, yanapanda hata ukikaza namna gani. Hii haipandi. Nimeizibia njia." Akaliweka mezani. "Miaka yote nakaza. Nimekaza mpaka nikasahau kwa nini nakaza. Stovu ni kwa sababu ya moto. Hapa hakuna moto."

Fundi mwingine yeyote angelijua hilo siku ya kwanza. Ilihitaji fundi wa stovu, tena hodari, kukosea namna ile siku nne mfululizo. Akafungua, akaitoa pamba yote, akaigawa nusu, akaichambua kwa vidole mpaka ikawa nyepesi, akairudisha ikiwa imelegea, kazi ambayo kwenye stovu angeionea haya. Akajaza. Tuliona mapovu madogo yakipanda ndani ya kioo. Akavuta, taratibu, amefumba macho kwa woga. Mvuke mweupe ukatoka.

Hakushangilia. Aliitoa ile sigara sikioni, akaisugua katikati ya viganja mpaka tumbaku yote ikamwagika chini, kisha akafagia.

Sisemi kwamba kile kifaa ni dawa. Daktari mwenyewe alimwambia si dawa. "Kama kitakutoa kwa sigara, sawa," alisema, "lakini na hicho utakiacha, na mama asikipumue." Ninachosema ni kwamba Fundi, aliyeshindwa na peremende, karanga, miwa, mizizi na mahubiri, hakushindwa na kitu alichoweza kukifungua. Kila asubuhi alikifungua. Alikiosha, akabadilisha pamba, akafunga waya. Nadhani mikono yake ilihitaji kazi kuliko mapafu yake yalivyohitaji moshi, ingawa mimi ni mshonaji tu na sina cheti cha mambo hayo. Mama wa kona alikuja kuuliza kama mteja wake amefariki.

Mwezi wa nne tangu aiache sigara nilikwenda naye Matulo, kwa kuwa kina mama wa kanisa la pale walitaka nguo za kwaya na nilitakiwa nikawapime. Nilikuwa nikiwapima pale uani kwa shemeji, utepe wa futi mkononi, Mama alipoinuka kutoka mlangoni, akatembea hadi kwenye kiti cha mumewe, akainama, akaleta pua yake kwenye kola ya koti. Shemeji alisimama na birika la chai hewani.

"Hakuna sigara," Mama akasema.

"Hakuna. Mwezi wa nne huu."

"Na hiyo iko mfukoni?"

Fundi akaitoa, akaiweka kwenye kiganja. Jua likapita ndani ya kioo chake. Sote tulijua atakachosema. Tulikuwa tumeishi na neno hilo miaka mingi, na nilijikuta nimekunja futi kidoleni mpaka damu imezuilika.

"Hii bado," akasema. "Namba ya nikotini nimeteremsha mara mbili. Lakini bado. Siku ya kuiacha sijui, Mama. Singependa kukudanganya."

Mama alikigusa kile kifaa kwa ncha ya kidole. Kisha akasema, "Haiingii ndani ya nyumba."

"Haitaingia."

"Hata kukinyesha."

"Hata kukinyesha mawe."

"Wala kwa ua. Nje ya geti."

"Nje ya geti."

Mama akamgeukia dada yake akamwambia alete ule mfuko wa bluu. Niligundua kwamba mfuko ulikuwa umefungwa tayari, na sijui ulifungwa lini. Nililia, sitaki kuficha. Nililia na kupima kifua cha mwimbaji mmoja kimakosa, nguo yake ikatoka ndogo.

Basi watu wa Matisi wakapata kichekesho kipya. Asubuhi kabla ya kazi, na jioni baada ya chai, Fundi alisimama nje ya geti lake mwenyewe kama mgeni asiyefunguliwa. Mvua za Kitale mnazijua. Alisimama na mwavuli, na upepo ulipouvunja mwavuli alijifunika nailoni ya kufunikia mahindi. Watoto walimpigia saluti. Watu wazima walimwita askari wa geti. "Niko zamu," aliwajibu. Kuna siku nilimkuta maji yanachuruzika kwenye nyusi, nikamwambia si asimame tu barazani, Mama yuko jikoni na mlango umefungwa.

"Nilisema nje ya geti," akaniambia.

Mtu huyohuyo, kumbuka, alikuwa bado na stovu kumi na mbili za watu zinazongoja kesho. Sikuwahi kuelewa jinsi neno lake lilivyoweza kuwa bovu upande mmoja na la chuma upande mwingine. Nilimwambia hivyo. Akasema stovu ya mtu ikichelewa, mtu anakula baridi. Kisha akaugeukia mlango wa jikoni alimokuwa Mama.

Baada ya hapo nilihama. Binti yangu alifungua duka la nguo Bungoma na akataka mshonaji asiyemwibia, kwa hiyo cherehani ikaja huku. Nilijua habari za Fundi kupitia yule dada wa duka la simu, aliyekuwa sasa jirani yangu wa mtaa. Kila mwezi mzee alikuja kwake kununua juisi, na kila baada ya muda alitaka ya namba ndogo zaidi. Dada alimpenda ingawa hakumletea faida. Alimwonyesha mashine mpya kila zilipofika, kwa kumchokoza tu, naye alizigeuza, akatafuta skrubu, akazirudisha. Kisha akaniambia mwezi huu mzee hakuja. Mwezi uliofuata pia hakuja. Moyo wangu haukukaa vizuri. Nilifunga duka Ijumaa moja, nikapanda gari kwenda Kitale.

Nilifika Matisi saa kumi na moja jioni, mvua imeshika. Nilipokata kona nilimtafuta pale nje ya geti, chini ya nailoni yake. Hakukuwa na mtu. Maji tu yalikuwa yakipita mtaroni. Nikasema, basi, amekufa, na hakuna aliyeniambia. Nilibisha hodi kwa kiganja chote.

Mama alifungua. Alikuwa amenenepa kidogo, mashavu yana rangi. Akanikumbatia, akaweka kidole mdomoni, akanivuta ndani.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti kirefu sebuleni, amevaa fulana, jasho linamtoka na baridi yote ile. Mikono yake miwili imeshika magoti. Hakuinuka.

"Jilani. Kalibu," akasema. "Usinisalimie sana. Niko na hasira ya kuuma mtu."

"Siku ya tisa hii bila mvuke," Mama akanieleza. "Kwanza alikaa miezi miwili na kachupa kamoja, kale ka namba ya mwisho. Kaliisha Jumatano ya wiki iliyopita. Hajatoka nje tangu hiyo siku. Kazini pia hajaenda."

"Nikitoka nitasimama nje ya geti," Fundi akasema. "Miguu inajua pale mahali. Nikisimama, mkono utaenda mfukoni. Kwa hivyo sitoki. Wewe kaa hapo uongee. Ongea kitu chochote, usinyamaze."

Nikaongea. Nilimweleza kuhusu vitambaa vya Bungoma, kuhusu binti yangu na hesabu zake kali, kuhusu bibi harusi aliyenenepa kati ya kupimwa na kuolewa, kuhusu yule dada wa simu na salamu zake. Nilipoishiwa na ya kweli nilitunga. Yeye aliitikia kwa kichwa, taya imekazwa, na mara nyingine alifumba macho na kupumua kama mtu anayebeba gunia mlimani. Mama alikuja akakaa kwenye kiti kilekile, karibu naye kabisa, bega kwa bega. Sikuwahi kuwaona wamekaa hivyo katika miaka yote. Baada ya muda kichwa chake kikateremka pole pole kwenye fulana ya mumewe, pua imeelekea shingoni, akasinzia. Kifua chake kilipanda na kushuka bila ile filimbi ya pumzi iliyokuwa ikimsumbua. Inhela ilikuwa mezani, mbali na mkono wake.

Mvua ilipopungua nikainuka, maana gari la mwisho la Bungoma halingojei. Kwetu huku mgeni haendi peke yake. Hata ukigombana naye unamsindikiza hadi getini, na Fundi alikuwa wa kukusindikiza hadi barabara ya lami, akasimama mpaka gari liondoke. Aliniona nikishika mkoba. Nikaona miguu yake ikitaka kuinuka, kisha nikaona akiizuia kwa mikono yote miwili.

"Jilani," akanong'ona, asimwamshe Mama. "Leo sikusindikizi."

Nilimwambia sawa. Nikatoka mwenyewe, nikapita uani, nikalirudisha geti polepole kutoka nje ili lisipige kelele.